Kosa Likitendeka Ubaoni

Hotuba ifuatayo ilitolewa mjini Chuka mbele ya wachezaji wa drafti na wa kiothi kutoka pande za Meru na Embu, kabla ya mashindano yao kuanza. Msemaji ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mashindano hayo mwaka uliotangulia. Twaichapa kwa kuwa maneno yake yawafaa wote wachezao, na hata wasiocheza.

Wengine mmetoka Embu na Runyenjes, mkavuka mto Thuchi. Wengine mmetoka Meru na Nkubu. Barabara yetu ina kona nyingi, na hakuna mtu apitaye kona zote hizo kwa ajili ya mchezo asioupenda. Kwa hiyo sitawachelewesha sana. Mbao zimekwisha kupangwa, na mbuzi mnamwona pale chini ya mti, naye hajui ataondoka na nani.

Nimeombwa kusema maneno machache, nami nimeona heri niseme juu ya jambo lililotutenganisha mwaka jana. Wengi wenu mlikuwapo. Wasiokuwapo wamesikia habari, na pengine wamesikia zaidi ya yale yaliyotendeka.

YALIYOTOKEA MWAKA JANA

Mchezo wa mwisho wa drafti ulikuwa kati ya vijana wawili. Sitasema nani alitoka upande gani, maana hilo halitusaidii. Mmoja wao alikuwa na nafasi ya kula, asiione, akasogeza kete nyingine. Nyote mwajua kwamba katika drafti tunayoicheza kula ni lazima. Mwenzake akatabasamu, akanyosha mkono, akaiondoa ile kete iliyopaswa kula, akaiweka kando kama faini. Kisha akacheza zamu yake.

Hapo watu wakasimama. Kambi moja ikasema, "Huo ni wizi! Kwetu mtu akisahau kula huambiwa arudishe kete yake, akale." Kambi ya pili ikajibu, "Si wizi, ndiyo sheria. Asiyekula hutozwa kete. Tumecheza hivyo tangu utoto wetu." Kisha wote wakageuka wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi.

Nami, ndugu zangu, nilikosa. Sikuwa nimeuliza kabla ya mchezo ni desturi ipi itakayofuatwa. Nilipoona kelele zinazidi niliingiwa na hofu, nikaamuru kete zipangwe upya na mchezo uanze tena tangu mwanzo. Nilidhani nimewapatanisha, kumbe nimewadhulumu wote wawili kwa amri moja. Yule aliyesahau kula alikuwa mbele kwa kete mbili, naye akazipoteza. Yule aliyetoza alikuwa ametenda aliloliamini kuwa ni haki yake, naye akaonekana mwizi mbele ya watu. Wakakataa kucheza. Mbuzi akarudishwa kwa mwenyewe, nasi tukaondoka bila kuagana. Wako watu waliokuwa marafiki kabla ya siku ile ambao hawakusalimiana tena mpaka leo asubuhi.

Wazee wa Njuri Ncheke kule Nchiru, na wazee wa kiama kule Embu, hawakupata heshima yao kwa kupiga kelele kuliko watu wengine. Waliipata kwa kusikiliza pande zote mbili kabla ya kutoa neno. Mimi sikufanya hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza lililonisimamisha hapa ni kuwaomba radhi vijana wale wawili, ambao nawaona wamekaa mbele yangu. Jambo la pili ni kutaka tukubaliane, kabla kete ya kwanza haijaguswa, namna tutakavyosahihisha makosa.

KAMBI ZOTE MBILI ZILISEMA KWELI

Tangu siku ile nimeuliza watu na kusoma vitabu, na nimeona kwamba hakuna kambi iliyosema uongo. Katika drafti ya Kiingereza ya zamani, mchezaji akiacha kula, mwenzake alipewa hiari ya mambo matatu. Aliweza kuiondoa ile kete iliyokosa kula. Aliweza kumlazimisha mkosaji arudi akale. Au aliweza kuliacha kosa lisimame na kuendelea kama kwamba hakuna neno. Katika mashindano makubwa ya siku hizi sheria ya kutoza kete imekwisha kuondolewa, na mkosaji hurudishwa tu akale. Sisi wengi hatukujifunza drafti kwa kitabu. Tulijifunza kwa mjomba, au kwa kaka, au kwa mwenye duka, tukitumia vizibo vya soda. Si ajabu basi kwamba nyumba moja ina desturi hii, na nyumba ya pili ina desturi ile.

Sisi si wa kwanza kugongana kwa jambo hili. Uko mchezo wa dadu ambao Waarabu huuita tawla na Waingereza huuita backgammon. Kila mchezaji ana vipande 15, navyo huvipitisha katika nafasi 24 kwa kufuata hesabu ya dadu mbili. Ni rahisi mtu kukosea. Dadu zimeonyesha 6 na 3, naye kwa haraka akaenda 6 na 4. Kwa desturi ya miaka mingi ya mashindano, shauri hilo liliachwa mikononi mwa mwenzake. Akitaka, atamwambia arudie. Asipotaka, atatupa dadu zake, na tangu hapo kosa limekuwa halali.

Tazameni basi matokeo yake. Kosa likimdhuru yule anayeliona, atasema. Likimfaa, atanyamaza. Sheria imekuwa kama mbwa wa mtu mmoja, hubweka bwana wake akitaka na hulala bwana wake akitaka. Ndiyo sababu katika mashindano mengine ya mchezo huo sheria imegeuzwa. Mchezaji yeyote aonaye mwendo usio halali sharti aseme, uwe unamfaa au haumfai.

Katika sataranji, ambayo vijana wa shule huiita chesi, hakuna hiari kabisa. Kwa sheria za chama cha dunia, FIDE, mwendo usio halali ukigunduliwa, vipande hurudishwa mahali vilipokuwa kabla ya kosa. Katika mashindano ya kawaida, mara ya kwanza mwenzake mkosaji huongezewa dakika 2 katika saa yake. Mara ya pili mkosaji kwa kawaida huhesabiwa ameshindwa.

MWENDO MBAYA NA MWENDO HARAMU

Nilipokuwa nikiyafikiri mambo haya, kijana mmoja aliniuliza swali zuri. Alisema, "Mzee, kwa nini nimsaidie ninayeshindana naye? Asipoona, si kazi yangu kumfumbua macho. Nikimfundisha kila akikosa, nitashinda lini?"

Swali hilo lastahili jibu, wala si karipio. Jibu langu ni kwamba yatupasa kutenga vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya, yaani mwendo mbaya na mwendo haramu. Mwendo mbaya ni ule ambao sheria yauruhusu lakini akili yaukataa. Mtu ameweka kete yake mahali utakapoila. Hapo usimwambie neno. Kula, na ushukuru. Hilo ni kosa lake yeye, naye atajifunza kwa hasara yake, kama sisi sote tulivyojifunza.

Lakini mwendo haramu si kosa lake peke yake. Ni kosa juu ya ubao, na ubao ni wenu ninyi wawili. Tangu dakika ile mchezo unaochezwa si drafti tena wala si kiothi, ni kitu kingine kisicho na jina. Ukinyamaza kwa kuwa kosa lakufaa, utashinda, lakini hutajua ulishinda mchezo gani. Hata kama yeye ndiye aliyekosa bila kukusudia, wewe uliyeona ukanyamaza umekusudia.

Nalisema neno hili nikiwa nalijua kwa gharama. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikicheza kiothi na rafiki yangu, jioni baada ya kazi. Siku moja, akiwa anagawa mbegu, alitia mbegu mbili katika shimo moja. Niliona. Nilihesabu upesi nikatambua kwamba kwa kosa lile mkono wake utaishia pabaya, nami nitakula shimo lake kubwa. Nikanyamaza, nikala, nikashinda. Mtoto aliyekuwa akitazama alimwambia kesho yake. Rafiki yangu hakunitukana, wala hakuja kunidai kitu. Alikuja jioni kama kawaida, akakusanya mbegu zake, maana zilikuwa zake, akaenda kucheza mahali pengine. Tuliendelea kuamkiana njiani mpaka alipohama, lakini hatukukaa tena penye mashimo yale.

MBEGU ZIKISHAGAWANYWA

Nimetaja kiothi, na hapa wacheza drafti wanivumilie kidogo. Mchezo wa mashimo, ambao Wameru huuita kiothi na jirani zetu Wakikuyu huuita giuthi, una shida yake ya pekee. Katika drafti kosa laonekana. Kete ilikuwa hapa, sasa iko pale, na kuirudisha ni kazi ya kidole kimoja. Katika mchezo wa mashimo mkono hupita shimo kwa shimo ukiacha mbegu moja moja, na zikiisha, mara nyingi hutwaa nyingine na kuendelea. Mbegu moja ikianguka mahali pasipo pake, kila kitu kinachofuata kimepotoka, na baada ya mashimo kumi hakuna awezaye kukurudishia ubao kama ulivyokuwa.

Wenzetu wa pwani na wa Zanzibar wanaocheza bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, waijua shida hii vizuri. Kwao pia kula ni lazima, na mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kutakata. Mtaalamu Mholanzi Alex de Voogt, aliyeandika kitabu mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao, alieleza jinsi mafundi hao wanavyoweza kuhesabu kichwani safari ndefu za kete kabla ya kuzigusa. Fikirini basi. Mtu amefanya hesabu ya namna hiyo, kisha mwenzake akaangusha kete mbili mahali pa moja. Hasara yake ni kazi yote ya akili aliyoifanya kwa uaminifu, wala si kete ile moja tu.

Kwa hiyo katika kiothi dawa bora ni kuzuia. Gawa polepole. Mkono uwe wazi, kila mbegu ionekane ikianguka. Anayetazama akiona kosa aseme papo hapo, mbegu zingali mkononi, maana hapo kusahihisha ni rahisi. Akingoja mpaka mkono umalize safari ili aone kwanza kama kosa litamfaa, amekwisha kufanya hila, hata kama baadaye atasema.

WAJIBU NA HISANI

Wengine watasema kwamba nawataka wachezaji wawe malaika. Sivyo. Nawataka watimize wajibu tu, na hisani ni jambo jingine lililo juu ya wajibu.

Nitawapa mfano wa kijana wetu wa Kenya. Abel Mutai alipata nishani ya shaba katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alikuwa Burlada, kaskazini mwa Hispania, katika mbio za nyika. Alikuwa wa kwanza, mbali na wenzake. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama. Nyuma yake alikuja Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita, na hakuna sheria ambayo ingemzuia. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa mikono aendelee mpaka mstarini. Mutai akawa wa kwanza, na Mhispania akawa wa pili.

Hata mwalimu wake mwenyewe, Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za marathoni mwaka 1995, alisema kwamba yeye angelitumia kosa lile na kushinda. Nami siwezi kumlaumu mwalimu huyo, kwa kuwa kosa la Mutai halikuvunja sheria yoyote. Aliyoyatenda Fernández Anaya yalikuwa hisani, na hisani haiamriwi na mwamuzi. Lakini kusema "ndugu, mwendo huo si halali" si hisani. Ni deni. Mtu akilipa deni hasifiwi sana, lakini asipolilipa watu hujua.

NAMNA YA KUSEMA

Kusahihisha nako kuna adabu yake. Ugomvi mwingi niliouona haukuletwa na kosa. Uliletwa na ulimi wa aliyelisahihisha. Mtu aliyekosea kuhesabu akiitwa mwizi mbele ya watu, hatatazama tena ubao. Atatazama uso wako. Basi usiseme, "Umeiba." Sema, "Hebu tutazame tena." Na kama unayecheza naye ni mtu mzima kuliko wewe, kijana, usinyoshe mkono kuzishika kete zake. Sema, "Mzee, naomba tuhesabu pamoja." Kisha mwache arudishe kete kwa mkono wake mwenyewe. Nanyi wazee wenzangu, kijana akisema kwa heshima namna hiyo, msimwambie kwamba hana adabu. Miaka yetu haigeuzi hesabu ya mbegu.

Watazamaji nao nina neno nao. Mwaka jana sauti ya kwanza haikutoka kwa wachezaji. Ilitoka nyuma yao. Mtazamaji apigaye kelele kila kete inaposogezwa huwanyima wachezaji wote wawili mchezo wao, maana aonapo kosa husema, na aonapo nafasi nzuri husema pia. Sheria za sataranji zampa mtazamaji ruhusa moja tu. Akiona jambo lisilo halali, amwambie mwamuzi peke yake. Nasi tufanye hivyo. Njoo uninong'oneze sikioni, kisha urudi mahali pako.

TUNAYOKUBALIANA LEO

Asubuhi hii nimekaa na wazee wawili kutoka kila upande, na maneno haya ndiyo tuliyoyaafiki. Nawasomea, na mwenye neno aseme sasa, asingoje mpaka ameshindwa.

Kwanza, kula ni lazima katika drafti. Atakayesahau kula atairudisha kete yake na kula. Hakuna kutoza kete. Waliozoea kutoza wamekubali kuiacha desturi yao kwa siku ya leo, na nawashukuru, kwa kuwa si jambo dogo mtu kuacha sheria aliyolelewa nayo.

Pili, kila mchezaji aonaye mwendo haramu sharti aseme mara moja, ukiwa unamfaa au unamdhuru.

Tatu, mwenzake akisha kugusa kete yake kwa zamu inayofuata, mlango wa kusahihisha umefungwa. Mchezo utaendelea kama ulivyo. Sheria isiyo na mwisho ni fitina, na hatutaki mtu akumbuke kosa la asubuhi wakati wa jioni.

Nne, katika kiothi, kosa likionekana mbegu zingali mkononi, lisahihishwe hapo hapo. Likionekana baadaye, na wachezaji wote wawili wakakumbuka ubao ulivyokuwa, uurudishwe. Wasipokumbuka au wasipopatana, mwendo usimame, na mkosaji aonywe. Akirudia mara ya pili, atapoteza zamu moja.

Tano, mwamuzi atasikiliza wachezaji wote wawili kabla ya kusema, na hataamuru mchezo uanze upya isipokuwa wenyewe wawili wameomba. Sheria hiyo ya tano, kama mnavyotambua, imewekwa kwa ajili yangu.

Ndugu zangu, watoto wetu wanatutazama. Huenda asiwepo hata mmoja wao atakayekuwa bingwa wa drafti. Lakini kila mmoja wao siku moja atapima mpaka wa shamba na jirani yake, au atahesabu fedha za chama, au atapima kahawa ya mwenzake kwenye mizani, na ataona kosa ambalo lamfaa yeye. Siku hiyo hakutakuwa na mwamuzi wala watazamaji. Atafanya kama alivyozoea.

Sina maneno mengi tena. Wale vijana wawili wa mwaka jana wamenijia kabla sijasimama, wakaniambia kwamba wataka kuumaliza mchezo wao kabla ya mashindano kufunguliwa. Nimewauliza kama kete zipangwe upya. Yule aliyetoza amesema hapana. Amesema anazikumbuka kete zilipokuwa, na kwamba mwenzake alikuwa mbele kwa kete mbili, na ile aliyoitoza atairudisha ubaoni. Mwenzake amekubali kurudi akale.

Basi naomba ubao wa kwanza uletwe hapa.